Jina Jema Sokoni: Haki Kati ya Mnunuzi na Muuzaji Katika Minada ya Mtandao



Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo ulizaliwa katika soko ambamo mnunuzi aliweza kuishika bidhaa, kuigeuza, kuinusa, kuigonga kidogo kwa kidole asikie kama imepasuka, kisha akamtazama muuzaji usoni. Katika mnada wa mtandao wa intaneti hakuna hata moja kati ya hayo. Ipo picha, yapo maelezo ya mistari michache, na ipo bei inayopanda kwa saa au kwa siku kadhaa hadi muda uliopangwa ukome. Aliyetaja bei kubwa kuliko wenzake hutuma fedha kwanza, kisha hungoja. Muuzaji naye hamjui anayemtumia mzigo, wala hajui kama kesho hatadai kwamba mzigo haukufika. Mbuzi yumo ndani ya gunia, na kila mmoja ameshika upande wake.

Tunaliandika jambo hili kwa sababu swali lililomo ndani yake si la wafanyabiashara peke yao. Ni swali la ushuhuda: nani aruhusiwe kusema neno juu ya jina la mwenzake mbele ya watu wote, kwa masharti gani, na huyo anayesemwa apewe nafasi gani ya kujitetea. Viongozi wa jumuiya ambao wamewahi kuketi na majirani wawili wanaodaiana watalitambua swali hilo mara moja, hata kama hawajawahi kuuona mnada wa namna hii. Mnada mkubwa wa eBay umeshughulika nalo tangu mwaka 1996, mara nyingine kwa kufaulu na mara nyingine kwa kuumiza watu, na mengi yaliyojulikana huko yanatufaa sisi.

Mwanzilishi wake, Pierre Omidyar, ni mtaalamu wa programu za kompyuta aliyezaliwa Paris na wazazi wa Kiirani, akakulia Marekani. Aliufungua mnada huo California mapema Septemba 1995 kwa jina la AuctionWeb. Jina la eBay lilishika mwaka 1997. Kitu kinachotajwa kuwa cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha leza kilichoharibika, cha kuonyeshea ubaoni, nacho kilinunuliwa kwa dola 14.83. Habari hiyo huelezwa kama kichekesho. Sisi tunaiona kuwa ni habari njema ya biashara, kwa maana muuzaji alisema wazi kwamba kitu kimeharibika, na mnunuzi akakitaka hivyo hivyo. Kasoro iliyotajwa haikumdhulumu mtu.

Haukupita muda mrefu malalamiko yakaanza kumfikia Omidyar. Huyu hakuletewa alichokilipia, yule ameletewa kilichovunjika, mwingine ameshinda mnada kisha akatoweka bila kulipa. Mtu mmoja hawezi kuwa hakimu wa maelfu ya watu wasiojuana. Tarehe 26 Februari 1996 aliwaandikia wanunuzi na wauzaji wake barua ya wazi, akaeleza imani yake kwamba watu walio wengi ni waaminifu, lakini wapo wachache wasio waaminifu, na kwamba dawa ni kila mmoja kuwasifu hadharani waliotenda vema na kuwalaumu hadharani waliotenda vibaya. Ndipo kikafunguliwa kitabu cha ushuhuda. Sifa ilihesabiwa alama moja ya kuongeza, lawama alama moja ya kupunguza, na neno la katikati halikuongeza wala kupunguza. Pembeni mwa kila jina ikawekwa jumla. Aliyeshuka hadi alama nne chini ya sifuri alifukuzwa sokoni.

Katika siku za mwanzo mtu yeyote aliweza kuandika juu ya mtu yeyote, hata kama hawakuwahi kuuziana kitu. Ni rahisi kukisia yaliyofuata. Rafiki alimsifu rafiki, na mwenye chuki akamchafua adui yake. Baadaye mlango huo ulifungwa, ushuhuda ukafungamanishwa na mauzo yaliyofanyika kweli. Hatuoni haja ya kulieleza zaidi. Shahidi asiyekuwapo si shahidi.

Tatizo lililo gumu zaidi lilibaki ndani ya wale waliokuwapo.

Watafiti wawili wa Marekani, Paul Resnick na Richard Zeckhauser, walichunguza kumbukumbu za eBay za mwaka 1999. Waliona kwamba wanunuzi waliacha ushuhuda katika nusu hivi ya mauzo, na kwamba katika ushuhuda huo asilimia 99 zilikuwa sifa. Lawama za wanunuzi kwa wauzaji hazikufika hata asilimia moja. Msomaji anaweza kufurahi na kusema, kumbe Omidyar alisema kweli, watu ni waaminifu. Huenda walio wengi walikuwa hivyo. Lakini yeyote aliyewahi kuongoza kikundi cha watu anajua kwamba mkutano ambao watu 99 kati ya 100 wanasifu una moja kati ya mambo mawili: ama mambo ni mazuri mno, ama watu wanaogopa.

Woga ulikuwa na sababu iliyo wazi. Kitabu kile kilikuwa cha pande mbili. Mnunuzi alimwandika muuzaji, na muuzaji alimwandika mnunuzi. Kwa macho ya haraka huo ndio usawa wenyewe, kila mmoja ana kalamu. Tuangalie sasa jinsi ulivyofanya kazi. Mama mmoja, kwa mfano, amenunua seti ya vikombe, vikafika viwili vimepasuka. Yeye alilipa siku ile ile ya kwanza. Wajibu wake ulikwisha hapo. Muuzaji angeweza kumwandikia sifa siku hiyo hiyo, kwa kuwa mnunuzi hana jingine la kutenda ila kulipa. Lakini muuzaji mjanja hakuandika. Aliishika kalamu mkononi akangoja aone mama ataandika nini. Mama akiandika kwamba vikombe vilifika vimevunjika, kesho yake anakuta juu ya jina lake mwenyewe lawama ya kutungwa, kwamba yeye ni mnunuzi msumbufu, asiaminiwe. Ni kisasi, na kimevikwa vazi la ushuhuda.

Hapo usawa wa kalamu unageuka kuwa dhuluma. Muuzaji mwenye sifa 3,000 akipata lawama moja hatikisiki. Mnunuzi mgeni mwenye sifa tano akipata lawama moja, jina lake limepigwa doa ambalo kila mtu analiona. Silaha ni moja, majeraha si sawa. Kwa hiyo wanunuzi wengi walijifunza kunyamaza, na wengine wakajifunza kusifu wasichokipenda. Kulikuwa na utaratibu wa pande mbili kukubaliana kufuta lawama walizoandikiana, uliokusudiwa kuleta upatanisho. Wako wauzaji walioutumia kama mateka. Aliyelaumiwa alijibu kwa lawama, kisha akasema, futa yako nami nitafuta yangu. Ukweli ukauzwa ili kununua amani. Na mnunuzi wa kesho, aliyekuja kusoma kitabu ili ajue kama vikombe vitafika vizima, akakuta ukurasa safi.

Mwaka 2007 eBay iliongeza alama nyingine ambazo mnunuzi huzitoa pasipo muuzaji kujua ni nani aliyezitoa: kama kitu kililingana na maelezo, kama mawasiliano yalikuwa mazuri, kama kilitumwa upesi, na kama gharama za kutuma zilikuwa za haki. Kisha mwishoni mwa Januari 2008 likatangazwa jambo zito zaidi. Kuanzia Mei mwaka huo muuzaji hataweza tena kumwandikia mnunuzi lawama wala neno la katikati. Atamsifu au atanyamaza.

Wauzaji walighadhibika. Mabadiliko ya ada yalitangazwa pamoja na hilo, na mambo hayo mawili yakachanganyika. Kuanzia tarehe 18 Februari 2008 wengi wao waligoma kwa juma zima, wakaziondoa bidhaa zao mnadani. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema: mmetunyang'anya kinywa. Mnunuzi asiyelipa tutamtangazaje? Mnunuzi anayeivaa nguo harusini kisha akairudisha kwa kisingizio cha kasoro, wenzetu watamjuaje?

Sisi tunaona uamuzi wa mwaka 2008 ulikuwa sahihi katika nia yake na pungufu katika utekelezaji wake. Tutaeleza yote mawili.

Ulikuwa sahihi kwa sababu hatari za pande hizi mbili si sawa. Anayetoa fedha kwanza na kungoja ndiye aliye mikononi mwa mwingine. Mnunuzi akishalipa hana tena nguvu nyingi juu ya muuzaji isipokuwa neno lake. Kumtisha asiliseme neno hilo ni kumnyang'anya kinga kubwa aliyokuwa nayo. Muuzaji anazo kinga nyingine: hatumi kitu kabla ya kulipwa, anaweza kumzuia mnunuzi fulani asishiriki tena katika mauzo yake, na anaweza kumripoti asiyelipa kwa wenye mnada. Wanaodhani kwamba haki ni kumpa kila mtu kitu kile kile watazame mzani wa dukani. Mawe mawili yenye rangi moja yanaweza kuwa na uzito tofauti.

Ulikuwa pungufu kwa sababu uliyaondoa mashaka upande mmoja ukayapanda upande wa pili. Baada ya 2008 vitisho viligeuza mwelekeo. Akaonekana mnunuzi anayeandika, nirudishie nusu ya fedha, la sivyo nitakulaumu. Kanuni za eBay zinakataza jambo hilo kwa jina lake, nazo zinaruhusu lawama iliyotolewa kwa kutisha iondolewe. Lakini kitisho huthibitishwa kwa maandishi, na mtu mwerevu hakiandiki waziwazi. Yeye husema tu kwamba hakuridhika, kisha hungoja. Muuzaji mdogo, anayeishi kwa kuuza vitabu vikuukuu au nguo za watoto, huhesabu gharama na kulipa ili jina lake libaki safi. Huyo ndiye mwenye sifa 40, si mwenye sifa 3,000. Wakubwa walivumilia mabadiliko yale. Wadogo ndio walioinamishwa. Haki ya kuongeza jibu fupi chini ya lawama walibaki nayo, na inafaa kitu, lakini kila mtu anajua kwamba anayejibu tuhuma huonekana ana neno la kuficha.

Je, kulikuwa na njia ya tatu? Ilikuwapo, na haikuwa ngumu. Gary Bolton, Ben Greiner na Axel Ockenfels, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2013, waliyachunguza mauzo ya eBay, wakaona kwamba ushuhuda wa watu hauandikwi kwa kutazama tendo peke yake, bali kwa kutazama mwenzake aliandika nini. Sifa hulipwa kwa sifa, na lawama kwa lawama. Wakapima dawa mbili. Moja ni hii ya alama za siri za upande mmoja. Ya pili ni kuufunga ushuhuda: kila upande uandike bila kuona cha mwenzake, na maandishi yafunguliwe pamoja baada ya wote kuandika au baada ya muda kwisha. Airbnb, kampuni ambayo wageni na wenye nyumba hukutana mtandaoni ili kupanga malazi, iliichukua njia hiyo ya pili mwaka 2014, ikaweka muda wa siku 14.

Njia ya bahasha iliyofungwa ndiyo tunayoiunga mkono. Haimnyimi mtu kinywa. Humnyima nafasi ya kulipiza kisasi tu. Si kamilifu, kwa maana mnunuzi bado aweza kutisha kabla ya kuandika, na mwenye kinyongo aweza kukisia. Lakini inatenganisha mambo mawili ambayo kitabu cha mwanzo kiliyachanganya, yaani kusema yaliyotendeka na kujibu yaliyosemwa. Wazee wa kijiji wenye busara hufanya vivyo hivyo wanaposikiliza mashahidi mmoja mmoja, wengine wakiwa nje.

Yapo pia makosa ya wanunuzi ambayo hakuna kanuni ya mnada inayoweza kuyaponya, na kubwa kati ya hayo ni ukimya. Tumesema kwamba mwaka 1999 nusu hivi ya wanunuzi hawakuandika lolote. Chris Nosko na Steven Tadelis walipochunguza eBay baadaye, katika kazi waliyoitoa mwaka 2015, walikuta wastani wa sifa za wauzaji ukiwa asilimia 99.3, na muuzaji wa katikati akiwa na asilimia 100 kamili. Alama ambayo karibu kila mtu anayo haimwelezi mtu kitu. Wao wakahesabu kwa namna nyingine: wakachukua sifa, wakazigawanya kwa mauzo yote, pamoja na yale ambayo mnunuzi alinyamaza. Hapo wastani ukashuka hadi karibu theluthi mbili, na tofauti kati ya muuzaji na muuzaji ikaonekana. Wawili wanaweza kuwa na sifa 99 na lawama moja kila mmoja. Lakini mmoja alizipata katika mauzo 110 na mwingine katika mauzo 300. Wale 200 wa huyu wa pili waliondoka kimya, na si wote walioondoka wameridhika. Watafiti hao waliona kwamba wanunuzi waliopitia mikononi mwa wauzaji wenye ukimya mwingi walielekea zaidi kutorudi mnadani kabisa.

Tunalitilia mkazo jambo hili, kwa kuwa tumezoea kuuita ukimya adabu. Kunyamaza juu ya ubaya mdogo aliotendewa mtu mwenyewe ni uvumilivu, na ni haki yake. Kunyamaza pale ambapo mwingine atatendewa ubaya ule ule kesho, naye alikuja kukuuliza, ni jambo jingine. Aidha, anayenyamaza anamdhulumu pia muuzaji mwema, ambaye kazi yake nzuri haihesabiwi popote.

Jina jema lina thamani ya fedha, na limepimwa. Resnick na Zeckhauser, pamoja na wenzao wawili, walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Muuzaji mmoja mzoefu wa postikadi za zamani aliuza mafungu yanayofanana, mengine kwa jina lake lenye sifa nyingi, mengine kwa majina mapya yasiyojulikana. Kwa jina la zamani wanunuzi walikubali kulipa asilimia 8.1 zaidi. Mgeni hulipa ushuru wa kutojulikana, hata kama hakutenda kosa. Hatuwezi kusema ushuru huo ni dhuluma, kwa maana jina jipya hupatikana bure; mlaghai aliyechafua la jana hujisajili upya leo. Mgeni mwaminifu analipia dhambi za wanaobadili majina.

Wako hata waliojitungia majina mengi kwa wakati mmoja. Mei 2000 mchoro uliodokezwa kuwa wa Richard Diebenkorn, mchoraji mashuhuri wa California, ulianza mnadani kwa senti 25 ukafika dola 135,805. Muuzaji alijifanya baba wa familia anayesafisha gereji yake. Kumbe alikuwa Kenneth Walton, wakili wa Sacramento, aliyekuwa ametaja bei kwa bidhaa yake mwenyewe kwa jina jingine. eBay ilibatilisha mauzo, naye baadaye alikiri makosa mahakamani. Dalali wa mnada wa hadhara anayepanga watu wake wapandishe bei ni mjanja wa kale. Mtandao ulimpunguzia tu gharama ya kuwalipa.

Lakini ipo hukumu nyingine ambayo haitoki katika kitabu chochote cha ushuhuda. Ian Ayres, Mahzarin Banaji na Christine Jolls waliuza katika eBay kadi za wachezaji wa besiboli, vitu vinavyokusanywa sana Marekani. Katika picha kadi ilishikwa mkononi. Mara mkono ulikuwa mweusi, mara mweupe. Kadi zilizoshikwa na mkono mweusi ziliuzwa kwa bei iliyopungua kwa asilimia 20 hivi. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015. Kadi ni ile ile, mnada ni ule ule, na bei ikashuka kwa sababu ya ngozi ya vidole. Tulipoisoma habari hii tulijiuliza kama muuzaji huyo angekuja kuziba pengo hilo kwa sifa. Labda angeziba kwa muda. Hata hivyo angekuwa analipa kwa miaka deni ambalo mwenzake hakuandikiwa kamwe. Wale wanaosema kwamba soko la mtandao halina macho wangeitazama picha hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki wengi hukutana na minada ya namna hii kwa njia ya gari. Magari mengi yaliyotumika yanayoteremshwa Mombasa na Dar es Salaam yametoka katika minada ya Japani. Huko ushuhuda huandikwa kabla ya kuuza, na mwandishi wake si mnunuzi wala muuzaji. Mkaguzi wa mnada hulizunguka gari, akaonyesha kila mkwaruzo na kila mbonyeo katika mchoro, akaandika kilomita na kutoa daraja. Ni utaratibu mzuri, kwa maana kasoro hutajwa wakati ambapo mtu bado anaweza kukataa. Udhaifu wake ni kwamba mnunuzi wa huku hashiriki mnadani mwenyewe. Hununua kupitia kampuni inayosafirisha, na karatasi ya mkaguzi hupita kwanza mikononi mwa kampuni hiyo. Ni haki ya mnunuzi kuidai karatasi hiyo kabla ya kulipa, na kumtafuta mtu wa kumsomea maandishi ya Kijapani. Anayejibiwa kwamba karatasi haipo asiharakishe kutuma fedha.

Biashara nyingine kubwa, hii ya simu, haina hata hicho kidogo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kumtumia fedha mtu usiyemwona kumekuwa jambo la dakika moja. Viatu, simu na vitenge vinauzwa katika kurasa za Instagram na katika makundi ya WhatsApp, na neno la muuzaji ni tuma kwanza. Katika ukurasa wa namna hiyo mwenye duka ndiye mwenye kitabu cha ushuhuda. Aliyelalamika hufutwa maneno yake, kisha huzuiwa asiandike tena, waliosifu hubaki. eBay ya mwaka 1996, pamoja na kasoro zake zote, haikumruhusu mshtakiwa kuishika kalamu ya karani. Tunawashauri viongozi wa vikundi vya akina mama na vijana wanaouza kwa njia hii waweke kanuni mbili hata kabla ya kutengeneza nembo: malalamiko yasifutwe, na majibu yaandikwe chini yake kwa upole na kwa ukweli. Pale ambapo mnunuzi na muuzaji wote wanajulikana katika kundi moja, mtu wa tatu anaweza kupokea maandishi ya pande zote mbili na kuyatoa pamoja.

Limebaki swali la muda. Kosa la muuzaji likumbukwe hadi lini? Aliyetuma vikombe vilivyopasuka mwaka juzi kwa sababu hakujua kufunga mzigo, akajifunza, si mtu yule yule leo. Anayefutiwa baada ya siku chache hana sababu ya kujifunza, na anayeandikwa milele hana sababu ya kubaki na jina lake. eBay imechagua katikati: asilimia ya sifa inayoonyeshwa pembeni mwa jina huhesabiwa kwa ushuhuda wa miezi 12 iliyopita, na maneno ya zamani zaidi hubaki nyuma kwa mwenye subira ya kuyatafuta. Wako wanaoona mwaka mmoja ni mrefu mno kwa muuzaji anayeuza vitu vitano kwa mwezi, kwa kuwa lawama moja humkalia miezi yote hiyo, wakati mwenye kuuza elfu huimeza kwa juma moja. Sisi tungependa lawama ya mdogo ipimwe kwa hesabu ya mauzo kuliko hesabu ya miezi, ili naye aweze kuifanyia kazi mpaka iishe.